Mizani ya bob kumi imeniharibia mwezi

Mie tangu utotoni najijua mwembamba. Mtaani waliniita Sindano, na jina likikushika Mombasa halitoki hata ukilisugua kwa spiriti. So maisha yangu yote nala kujaza pengo, asubuhi mahamri sita na mbaazi za nazi, saa nne viazi karai vya ukwaju, jioni mishikaki, mtu akinitolea macho namwambia niache yakhe, mie mwili nautafuta.

Juzi nimetoka feri napanda kile kilima, pumzi juu juu kama nafukuzwa na kanjo. Pale juu kuna mzee na mizani yake, nikasema wacha nipumzike kwa heshima, nikampa kumi. Mshale ukapita sitini, ukapita sabini, nikamwambia mzee mashine yako mbovu hii. Akasema shuka. Akapanda yeye, 61. "Mie kila siku huwa 61 mwanangu, hiyo 84 ni yako."

Nikavua viatu, nikatoa simu, funguo na sarafu. 83.

Nyumbani dadangu mdogo ndo akanimaliza, ati kilo wagawanya kwa urefu mara urefu kwa mita, mie wa 1.70 na zile 84 ikaja 29. Inayotakiwa ni kuanzia 18.5 na isifike 25, ukigonga 30 ushaingia unene wenyewe. Na mwenye hesabu hii ni Mbelgiji wa miaka ya 1830, Quetelet, kazi yake takwimu na nyota. Mtu wa nyota na tumbo langu wapi na wapi?

Nikamwambia haya na wewe jipige. Kilo 54, mita 1.60, ikaja 21, katikati kabisa! Na huyu ndo ajionaye tembo, chai ya asubuhi haigusi, ni maji ya ndimu tu na sura ya kufiwa, mchana kichwa chamuuma, halafu saa tano usiku nasikia krach krach chini ya shuka. Nikimuuliza wala nini, "nimelala mie." Mtu aliyelala ananuka krisps za muhogo za pilipili! Yani aliye sawa ndo ajinyima mpaka usiku aje ale kama mwizi, na mie niliyefurika najilisha kama mtoto yatima.

Nikaenda jim ya mtaani, ile ya mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Nikainua mara nne, nikajitazama kwenye kioo, mashallah kifua kimetoka. Kutoa pumzi kikashuka chote, kumbe lilikuwa tumbo nimelibana.

Narudi namkuta dadangu abishana na mama juu ya chakula cha usiku. Mama akatukagua, mie, halafu yeye, halafu mie tena, akasema, "wanangu nyote mmekonda mpaka naona haya kwa majirani," akafunua sufuria la wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Dadangu alikula vijiko vitatu akaenda kulala na mkoba wake. Mie sahani mbili. Mama angekasirika, ningefanyaje?