Miguu ndani, jamani!

Ukipanda treni ndogo ya mvuke, weka miguu pale ulipoelekezwa. Ni ombi gumu hilo? Jumamosi nilikwenda kwenye tamasha la treni hizi, na nusu ya raha yangu iliharibiwa na watu wazima wasiosikia.

Upana kati ya reli ni inchi 7¼, yaani milimita 184 tu. Abiria mnakaa juu ya behewa kama mliopanda punda, kwa hiyo uzito wote uko juu na njia ni nyembamba. Ukiinama upande mmoja kujipiga picha, magurudumu ya upande wa pili yanapungukiwa uzito, na kwenye kona yanaweza kuacha reli. Msimamizi alitangaza hayo mara tatu! Bado jamaa aliyekaa mbele yangu akashusha guu, soli ikawa inaburuzika kwenye kokoto, krr krr, mkono mmoja umeshika simu anarekodi. Behewa likayumba. Treni ikasimamishwa.

Kilichoniuma zaidi ni dereva. Nilikuwa nimemwona akitia makaa ya mawe kwa kibeleshi kidogo kama kijiko, jicho haliachi kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila. Sasa moto umekolea, treni imesimama, presha inapanda, valvu ya usalama ikafunguka kwa kishindo na mvuke wote alioutafuta tangu asubuhi ukawa unapotelea hewani. Huku nyuma foleni ya watoto inarefuka.

Yule jamaa hata pole hakusema. Aligeuza simu akarekodi ule mvuke.