Soko la watumwa darasani

Darasa la tano, kipindi cha historia. Watoto wanne wamefungwa kamba ya katani viunoni, na mvulana aliyevaa kanzu ya baba yake anawanadi. "Elfu kumi!" "Elfu kumi na tano!" Darasa likaangua kicheko. Nilikuwa nimekaa nyuma, na nakiri kipindi kilichangamka. Ilipofika mapumziko, yule wa kanzu alikuwa ameshabatizwa jina: Mwarabu. Wale wa kambani wakaitwa watumwa.

Mwalimu aliyebuni igizo lile ana hoja. Ukiwa na watoto themanini na vitabu kumi, "biashara ya utumwa ilistawi karne ya 19" ni sentensi ya kukariri na kusahau. Mtoto akicheza, hasahau. Ila asichosahau hapa ni mnada, na mnada ulikuwa raha. Hofu ya mtu asiyerudi kwao haiigiziki na mtoto wa miaka kumi na moja.

Kwa utumwa ningewapa ramani na uzi. Wapime Ujiji hadi Bagamoyo, wataona inazidi kilomita 1,000; wagawe kwa kilomita 15 kwa siku. Miezi miwili na ushei, kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Njiani wawakute Wanyamwezi na Wayao walioongoza misafara, Wahindi wa Unguja walioikopesha fedha, na Wafaransa wenye mashamba ya miwa Réunion na Morisi, visiwa vya Bahari ya Hindi. Kanzu moja haikuendesha biashara ile peke yake. Kisha miaka mitatu ubaoni: 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar anafunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja; 1897, utumwa unafutwa kisheria Zanzibar; 1922, Tanganyika. Je, aliyekuwa akichuma karafuu za bwana wake mwaka 1880 alikuwa huru? Watabishana mpaka kengele igonge.

Kwenye Vita vya Maji Maji nalegeza kamba kidogo. Wawe wazee wa Umatumbi, Julai 1905, na pamba ya kulazimishwa na Wajerumani iko shambani. Tuing'oe, tusiing'oe? Hapo kuna uamuzi wa kuigiza. Kurushiana maji na kujifanya risasi hazipenyi, hapana. Watatoka wakidhani babu zao walikuwa wajinga.

Na njaa iliyofuata Maji Maji, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, sijapata mchezo wake. Hapo mwalimu akae kwenye kiti asimulie.