Mtumbwi Kakabidhi, Mashine Kaingiza Chumbani

Baba mkubwa wangu kule Igombe, mgongo ulipokataa kukesha ziwani, alituita ukoo mzima akatangaza kwamba mtumbwi sasa ni wa kaka. Vigelegele vikapigwa, sato wakaliwa. Jioni ile ile mashine ya mtumbwi ikabebwa hadi chumbani kwake. Tangu hapo kaka akitaka kwenda kuvua, kwanza abishe hodi kwa mzee.

Huwa namkumbuka nikisikia kiongozi aliyekaa miaka mingi "ameng'atuka". Neno lenyewe ni la huku kwetu ziwani. Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki, lugha ya kwao Butiama. Novemba 1985 alimkabidhi Mzee Mwinyi urais, na sifa za hilo ni haki yake kabisa. Ila tukisimulia tunaruka kipande kimoja: uenyekiti wa CCM alibaki nao hadi Agosti 1990. Na hizo zilikuwa enzi za chama kushika hatamu. Hatamu zikiwa kwa mwenyekiti, rais ameshika nini?

Mzee Ruksa, yaani Mwinyi, alijitahidi. Mwaka 1986 alikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu alilikatalia kwa miaka. Lakini nadhani alikuwa akitembea kwa kunyata, na sioni haya kulisema hata kama nitakunjiwa sura pale kijiweni Kirumba.

Kamerun mpango kama huo uliwatokea puani. Ahidjo aliachia urais Novemba 1982, akabaki na chama. Haukupita mwaka, yeye na Biya, rais aliyemrithi, hawaivi chungu kimoja. Ahidjo akaishia uhamishoni, akafia Dakar 1989. Sisi tulisalimika kwa sababu ya tabia za watu wawili. Utaratibu wetu haukuwa na la kujivunia hapo.

Mwalimu ninayemvulia kofia ni wa baada ya 1990, asiye na kiti. Mwaka 1991 chama kilikaa Zanzibar kikalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yale yaliyowakataza viongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Alilalamika, na hakuna aliyerudi nyuma. Mwaka 1993 Bunge lilipotaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, alishika kalamu, akasema, akabishana, na safari hii akashinda. Mara anashindwa, mara anashinda: huo ndio ushawishi ninaouelewa. Mtaniambia, na 1995 je, alipombeba Mkapa awe mgombea urais wa chama? Kweli, nani angethubutu kumbishia Mwalimu ukumbini? Hapo mmenibana kidogo. Lakini hakuwa na muhuri wala saini ya kumzuia mtu. Heshima aliyopewa, watu wangeweza kuinyima.

Kaka naye alichoka kubisha hodi, akadunduliza akanunua mashine yake ya mtumba. Baba mkubwa alinuna wiki mbili. Siku hizi hushuka mwaloni jioni na fimbo yake, anatazama mawingu upande wa Ukerewe na kufoka kwamba leo upepo ni mbaya, msiingie. Mara nyingi wanamsikiliza.