Ushuhuda Uliokaririwa

Kila aliyekulia katika makanisa yetu ameyakariri maneno haya: "Bwana asifiwe! Nimeokoka, nampenda Yesu, naye ni Bwana na Mwokozi wa maisha yangu." Niliyatamka kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, magoti yakinigongana. Siku hizi nayatamka kama konda anavyotaja vituo, na nimeanza kuamini kwamba imani huanza kupoa hapo mdomoni, muda mrefu kabla mtu hajaacha kuhudhuria ibada.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao desturi yetu ya kushuhudia inautegemea sana, haukuanza kwa wapagani. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza, Joe Church, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, kisha ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wengi wa walioguswa mwanzoni walikuwa watu waliokwisha kubatizwa, waliozijua nyimbo zote, na baadhi yao walikuwa waajiriwa wa misheni yenyewe. Toba yao ilikuwa na gharama: waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, na wamisionari nao wakawaomba radhi Waafrika waliokuwa wamewadharau. Kuungama huko walikuita kutembea nuruni.

Hata moto huo ulififia. Miaka ya baadaye, nchini Uganda, walitokea miongoni mwa walokole, yaani hao waliookoka katika uamsho, wengine waliodai kwamba ndugu zao wamelala tena, wakajiita Abazukufu, yaani waliozinduka, na mafarakano yaliyofuata yaliumiza wengi. Ukali wao siupendi. Hata hivyo, swali lao naliona halali: mtu aliyeokoka miaka 20 iliyopita, leo anatubu nini?

Swali hilo lilinikuta katika ushirika wetu wa Alhamisi. Tulishuhudia kwa zamu, kila mmoja na fomula yake, mimi nikiwemo, hadi ikafika zamu ya mama mmoja muuza maharage, mlokole tangu kabla sijazaliwa. Hakuanza na "nimeokoka". Alisema kwamba kwa wiki mbili amekuwa akipimia wateja kwa kopo lililobonyezwa kitako, na kwamba hakulibonyeza yeye, bali alilinunua likiwa hivyo, akajua, akanyamaza. Akaketi. Mwenyekiti wa ushirika, ambaye kwa kawaida huitikia "Amina" kabla hujamaliza sentensi, alikosa la kusema.

Waraka kwa Waebrania unasema tuonyane kila siku, "maadamu iitwapo leo". Neno hilo "leo" tumelikwepa kwa ustadi mkubwa. Dhambi tunazoziungama hadharani ni za zamani, za pombe na ujana, ambazo zimekwisha kugeuka kuwa sifa. Za wiki hii tunazifunika kwa wimbo. Wala sidhani dawa yake ni mikesha zaidi au semina nyingine ya siku tatu, kwa maana huko pia tunakwenda na maneno yaleyale.

Jumamosi nilipita sokoni. Kopo lilikuwa jipya, na mama alikuwa akimwongezea mteja maharage ambayo mteja hakuyaomba, akimweleza kwa sauti ya chini deni hilo limetoka wapi. Mimi Alhamisi ijayo nina zamu ya kushuhudia, na sijapata la kusema.