"Toff" na "chav" si matusi mapacha

Mwaka 2008, kwenye uchaguzi mdogo wa Crewe na Nantwich huko Uingereza, vijana wa chama cha Labour walivaa kofia ndefu nyeusi na makoti ya mikia, wakamwandama mitaani mgombea wa chama cha Conservative, Edward Timpson. Walitaka aonekane "toff", mtoto wa kitajiri aliyezaliwa akakuta meza imeshaandaliwa. Timpson alishinda kwa kura 7,860 zaidi, kwenye jimbo ambalo Labour ililishika tangu lilipoundwa mwaka 1983.

Wanaolichukia neno hilo huanzia hapo. Wanasema mtu hachagui tumbo la kuzaliwa, na kumcheka kwa lafudhi au shule aliyosoma ni ubaguzi. Kwa Timpson walikuwa na haki: ukoo wake ulitajirika kwa maduka ya kutengeneza viatu, na wazazi wake walilea nyumbani kwao watoto wengi wasio wao.

Lakini wengine husogea hatua moja zaidi, wakidai "toff" ni sawa na "chav", neno la kumdharau kijana maskini. Hapo nakataa.

Asili ya "toff" huhusishwa na kishada cha dhahabu ambacho wanafunzi wa kikabaila wa Oxford na Cambridge walikivaa kofiani ili watambulikane. Alama waliivaa wenyewe. Watu wa chini waliitazama tu, wakaipa jina.

Halafu kuna hesabu. Waingereza waliosoma shule za kulipia ni kama 7 katika kila 100. Utafiti wa mwaka 2019 wa Sutton Trust, shirika la Uingereza linalochunguza usawa wa fursa, ulikuta kwamba miongoni mwa majaji waandamizi ni 65 katika kila 100. Yaani wachache wale wameongezeka mara tisa kabla ya kufika kwenye kiti cha hukumu. Kila ninapoirudia hesabu hiyo najiuliza: ni kazi gani "toff" amewahi kuikosa kwa kuitwa "toff"? Kijana wa nyumba za halmashauri, zile wanazopangishwa watu wa kipato kidogo, akifungua kinywa kwenye usaili, lafudhi yake yaweza kumfungia mlango. Mwenzake wa Eton, shule ya kulipia ya matajiri, akifungua chake, wapo wanaosikia kiongozi.

Watanzania waliokulia enzi za Ujamaa wanalijua neno "kabaila" na ukali wake. Liliwauma walioitwa hivyo, na baadhi walionewa. Hata hivyo lilimpa mkulima njia ya kumtaja aliyemkalia juu. Vijana wa Crewe walikosea mtu wa kumvisha kofia. Neno lenyewe ningewaachia.