Mhuri Ninao, Orodha Sina

Jana saa nne asubuhi nilituma imeili moja. Moja tu, jamani, tena ya heshima zote: "Ndugu wanachama, YAH: ADA YA ROBO YA PILI." Mpaka naandika hapa nimepokea majibu 117, na hakuna hata moja lenye pesa.

Mimi ndiye Katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, chama cha ukoo, kuanzia Gongo la Mboto mpaka Marekani kwa watoto wa shangazi. Cheo sikukiomba. Nilitoka mara moja kwenda msalani, narudi nakuta wananipigia makofi. Lakini mhuri ninao, na mtu mwenye mhuri hatumwitumwi ovyo.

Sasa Mwenyekiti kaamua taarifa rasmi zisipite tena WhatsApp, maana kule muhtasari wa kikao unafunikwa na maua ya "Jumapili njema" kabla haujasomwa. "Katibu, si una majina yote kwenye Gmail yako? Yageuze yawe kundi." Anasema yageuze kama mtu anayeongelea chapati. Nami kwa utii nikatia tiki kila jina, majina 212, nikayamwaga yote pale juu hadharani, nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Kumbe Gmail humkumbuka kila uliyewahi kumwandikia. Kampuni moja niliyoiomba kazi mwaka 2016 nayo ikapata taarifa ya ada, na safari hii ikajibu ndani ya dakika moja: "Asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako unafanyiwa kazi." Mjomba wa Morogoro akabonyeza Jibu Wote: "Huyu Asante ni mtoto wa nani, na mbona simuoni kwenye daftari la michango?" Binamu anayesomea sheria mwaka wa pili akaniteremshia aya tatu za Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba nimeanika anwani za watu barazani. Yeye ana deni tangu mwaka jana, ila sheria anaijua.

Nikaapa nitaisafisha hiyo orodha. Nikaanza na walioingia mara mbilimbili. Pale kwenye majina kuna sehemu ya kuunganisha yanayojirudia, ikanipendekezea kwa upole niwaunganishe Mama Asha wa Tandika na Mama Asha wa Mbezi, ambao hata msibani hawakai mkeka mmoja. Nikaifunga laptopu kwanza, nikapumua.

Halafu nikampigia Baba Mkubwa, kwa sababu imeili yake ilikuwa imegonga mwamba na kurudi.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Naomba imeili yako."

"Kama hakuna aliyekufa unaitakia nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena, maana nyuma yake kulikuwa na konda anaita Gongo la Mboto, Gongo la Mboto, na mimi nilikuwa na dakika za kuhesabu. Akasema imeili yake alifunguliwa na kijana wa stesheneri mwaka 2011, ikaandikwa nyuma ya risiti, na risiti ipo kwenye sanduku pamoja na hati ya kiwanja. Akaniambia nisikate. Sikukata. Nilisikia sanduku likivutwa, nikasikia Mama Mkubwa akiulizwa funguo, nikasikia ugomvi mdogo kuhusu nani aliuhamisha ufunguo Ramadhani iliyopita. Akarudi.

"Andika M."

"M ya Mwanza au N ya Njombe?"

"M ya mama yako. Halafu Z. Halafu R."

"R ya Ruvuma?"

"Hapana. R ya Rindi."

"Baba Mkubwa, Lindi ni L."

"Wewe umezaliwa lini, na mimi nimefika Rindi lini?"

Nikaandika zote mbili, nikaziwekea alama ya kuuliza. Mhuri ulikuwa mezani unanitazama.

"Halafu kuna nukta."

"Kabla ya hiyo herufi au baada yake?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kijiti."

"Baba Mkubwa, hiyo si nukta. Hiyo ni i."

Kimya. Kisha akasema sauti ya chini, ile ya mtu mzima aliyevumilia mengi, kwamba ipo na nukta nyingine, iko chini, karibu na mkunjo, ila inaweza kuwa kinyesi cha nzi. Nikamwomba aikwangue kwa kucha. Akaikwangua. Akasema imetoka nusu. Sasa wewe niambie, nusu ya nukta inaandikwaje?

Tukafika kwenye ile a yenye mkia. Yule Mmarekani, Ray Tomlinson, aliyeichagua alama hiyo kwa anwani za imeili mwaka 1971, ni dhahiri hakuwa na baba mkubwa mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Hapa wamechora konokono," akasema. Nikasema sawa, konokono ninaye, endelea. Na hapo salio likaisha.

Mwanangu wa kidato cha tatu alikuwa amekaa pembeni muda wote, anakula muhogo. "Baba," akasema, "kwenye Gmail nukta za kabla ya ile alama hazihesabiwi. Uweke usiweke, barua inafika." Nikamuuliza kwa nini hakusema nusu saa iliyopita. Akasema hakuulizwa. Akageuza laptopu kidogo, akanionyesha nilichokuwa nimekihifadhi mimi mwenyewe kwa mkono wangu: mwishoni niliandika "con" badala ya "com". Na herufi ile, kwa taarifa yenu, ni L. Lakini nani atampelekea mzee habari hiyo?

Dogo huyohuyo ndiye aliyenifundisha kuwaweka watu kwenye lebo moja, halafu anwani zao nizitie kwenye BCC, ambako kila mtu anapokea bila kumwona mwenzake, kama michango ya bahasha. Akasema pia Gmail ya bure ina ukomo wa watu 500 kwa siku. Hilo halinitishi. Ukoo huu ukitakiwa kuchangia haufiki hata 50.

Basi jioni nimekaa nafuta mmoja mmoja. Fundi wa friji, futa. Dalali wa Kinyerezi aliyekula hela ya udalali na nyumba yenyewe ina mwenyewe, huyu nilimtazama kidogo kabla ya kumfuta. Halafu nikakuta wanne ambao ni marehemu. Tumewazika sisi wenyewe, na ubani nimeutolea risiti kwa mhuri huu huu. Nao jana walitumiwa ada, na ndio pekee ambao hawakulalamika. Watatu nimewafuta. Shangazi wa Tandika nimemwacha. Alikuwa akijibu kila taarifa yangu "Nimeona mwanangu, umekula?" na sijui, mkono umegoma. Mwenyekiti akiuliza nitasema ni hitilafu ya mtandao.

Nimefika jina la 86, na hapa mama watoto anapiga kelele uani kwamba maji yametoka. Tangu Jumatatu hayajatoka. Madumu mawili yanavuja, na ndoo kubwa ile ya kifuniko chekundu ilikwenda kwa Mama Asha, msiba wa mwezi wa tatu, haijarudi. Sasa ni Mama Asha yupi? Wa Tandika au wa Mbezi? Maana nahisi ile sehemu ya kuunganisha niliibonyeza bila kukusudia.