Nukta nne zinazodharauliwa

Walimu wengi wa hisabati wakiona 2:3::4:6, yaani uwiano wa 2 kwa 3 ni kama wa 4 kwa 6, huona maandishi ya kizamani. Weka alama ya sawasawa badala ya nukta nne, watakwambia, mambo yaishe.

Hoja hiyo ina mwenyewe, tena mkubwa: mwanahisabati Mjerumani Gottfried Leibniz. Mwaka 1684, katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, aliitumia nukta pacha kuwa alama ya kugawanya. Kwake uwiano ulikuwa mgawanyo tu, na migawanyo miwili ikilingana, alama ya = inatosha. Wajerumani wamemfuata: shuleni kwao 12:4 = 3 hadi leo.

Lakini William Oughtred, mchungaji wa Uingereza, hakuzibuni nukta nne kwa kukosa alama nyingine. Kitabu chake Clavis Mathematicae cha mwaka 1631, kilekile kilichotuletea × ya kuzidisha, kinaitumia = pia, alama aliyoianzisha Robert Recorde mwaka 1557. Oughtred alikuwa nayo mkononi, na bado akaandika A.B::C.D. Mwaka 1651 mnajimu Vincent Wing akaweka nukta pacha pale palipokuwa na nukta moja, tukapata A:B::C:D.

Nyuma yao yupo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Katika kitabu cha tano cha Elements, uwiano ni uhusiano wa ukubwa kati ya vitu viwili vya aina moja. Euclid hasemi kwamba uhusiano huo ni namba. Ndiyo maana anaweza kusema pembetatu mbili zenye kimo kimoja zinahusiana kama vitako vyake vinavyohusiana: eneo kwa eneo, urefu kwa urefu. Hakuna anayedai eneo ni sawa na urefu.

Anayeona huo ni ubishi wa vitabuni aende kwenye ujenzi. Zege la 1:2:4 ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Soma nukta pacha kama kugawanya: moja kwa mbili, kisha kwa nne, unapata 1/8. Katika zege hilo saruji ni sehemu moja kati ya saba. Hiyo moja ya nane inahusu nini? Sasa ongeza vipimo vyote mara mbili, 2:4:8. Zege ni lilelile, fundi hatabisha. Ukigawanya, unapata 1/16! Yaani kitu kimoja kimetoa majibu mawili, na ile = iliyosifiwa kwa wepesi wake sasa ni uongo. Andika 1:2:4::2:4:8 na hakuna tatizo lolote. Leibniz alikuwa sahihi palipo na viwili viwili. Kikiingia cha tatu, kanuni yake inakwama.

Mitihani ya fikra nayo ilizishika nukta hizi. SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu Marekani, ilikuwa na maswali ya namna ya daktari : hospitali :: mwalimu : shule, mpaka yalipoondolewa mwaka 2005. Hapo kugawanya hakuna maana kabisa.

Mwanafunzi anayetafuta x katika 2:3 = x:12 na aandike =, atafika kwenye 8 upesi. Ila asifundishwe kwamba uwiano wote ni kugawanya. Hata Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, imeupa uwiano alama yake, U+2236, mbali na nukta pacha ya kawaida, na nukta nne zina U+2237.